Jibu: Idadi ya mbegu iko sawa, malondialdehaidi ya nini?

Ndugu, umeuliza kwa nini daktari anataka upimwe malondialdehaidi, kemikali inayobaki mafuta ya seli yanapoharibika, ilhali idadi ya mbegu zako za kiume ni nzuri. Idadi pekee haitoshi. Utando wa mbegu umejaa mafuta yanayoharibika upesi yakikutana na oksijeni kali, na kichwa chake kimebanwa mno hata vimeng'enya vya kujikinga ni haba. Malondialdehaidi ni kama masizi ya mafuta hayo yaliyoungua. Ikipanda, mara nyingi mwendo wa mbegu hupungua, na DNA nayo huenda imekatika.

Omba wahesabu pia seli nyeupe kwenye shahawa: zikizidi milioni 1 kwa mililita, huenda kuna maambukizi. Sigara, kama unavuta, acha leo. Ila usirudie kipimo wiki ijayo, mbegu mpya huchukua takriban miezi 3.