Ukienda Iceland kuwatazama ndege, chagua mwamba mmoja

Anayekwenda Iceland kwa ajili ya ndege na wanyamapori asijipangie kukizunguka kisiwa chote. Barabara kuu inayokizunguka ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,300, na wageni wengi huimaliza kwa wiki moja, wakiyaona maporomoko ya maji na barafu kwa wingi, lakini ndege wakiwaona kwa dakika chache tu, mchana, saa ambazo wengi wao wako baharini wakivua. Mimi naishi Ulaya na nimekwenda huko kiangazi zaidi ya mara moja. Safari iliyonipa mengi ni ile niliyokaa mahali pamoja, jioni baada ya jioni.

Anayetafutwa zaidi ni pafini, ndege wa nusu kilo hivi, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, mwenye mdomo mpana wa rangi ya machungwa. Huja nchi kavu kuanzia Aprili, hutaga yai moja tu ndani ya shimo alilochimba udongoni, na baada ya katikati ya Agosti wengi huwa wamekwisharudi baharini, wanakokaa majira yote ya baridi. Kwa hiyo tiketi ya Septemba, hata iwe rahisi namna gani, haikufai. Nenda Juni au Julai, na ufike mwambani kuanzia saa mbili usiku, ambayo huko bado ni mwanga mtupu, kwa kuwa huo ndio wakati wanaporejea.

Látrabjarg, magharibi kabisa, ni ukuta wa mwamba wenye urefu wa kilomita 14 na kimo kinachozidi mita 400. Lala kifudifudi, usisimame ukingoni, kwa maana majani yanayoonekana imara yamechimbuliwa chini na mashimo ya ndege hao na yanaweza kumeguka. Ukitulia hivyo, pafini atatua karibu nawe akiwa na samaki wadogo wamepangwa kukingama mdomoni. Huwabana kwa ulimi dhidi ya vijimiba vya kaakaa, ndiyo maana anaweza kufungua mdomo kumdaka mwingine bila kuwaangusha wa kwanza. Atageuza shingo kushoto na kulia, kisha ataingia shimoni.

Nakusihi usikanyage mashimo hayo. Samaki wanaowalisha makinda wamepungua katika maeneo kadhaa ya bahari ile, na ndege mwenye yai moja kwa mwaka akilipoteza, kwa kawaida msimu wake wa uzazi umekwisha.

Mwenye watoto au wazee asiende Látrabjarg. Aende Borgarfjörður eystri, mashariki, ambako kando ya bandari ndogo pamejengwa ngazi na majukwaa ya mbao, na pafini wako hatua chache tu kutoka kwenye uzio.

Kwa upande wa wanyama, mbweha wa Aktiki ndiye mnyama pekee wa nchi kavu anayenyonyesha aliyekuwapo kabla ya watu kuhamia kisiwani. Mahali pake ni hifadhi ya Hornstrandir, isiyofikiwa kwa gari. Wengi hupanda boti kutoka Ísafjörður. Huko hawindwi, na hivyo wengine humsogelea mtu bila woga. Usimpe chakula, wala usilisogelee pango lake lenye watoto.

Jiandae pia kwa buabua wa Aktiki. Ni ndege wa gramu mia moja hivi, lakini anayepita karibu na kiota chake hushambuliwa kichwani hadi damu itoke. Usimpige, kwani anatetea makinda yake. Inua fimbo juu ya kichwa, kwa sababu hulenga kilicho juu zaidi, kisha rudi taratibu kwa njia uliyojia ukiangalia unapokanyaga, maana mayai yake yako ardhini penye changarawe na yanafanana nayo kwa rangi.