Jibu: Mdogo wangu amepata barua, mkojo umekutwa na triamcinolone

Salaam kaka. Kumbe dogo alichomwa sindano ya tako hapo Malindi kwa maumivu ya goti, wiki tatu baadaye akakimbia mashindano, sasa barua ya wapima dawa zilizokatazwa michezoni imekuja na unauliza aanzie wapi.

Aanze na tarehe kwenye barua. Siku za kujibu na za kuomba sampuli B (chupa ya pili ya mkojo uleule ipimwe) zimeandikwa humo, zikipita zimepita. Kisha leo hii nendeni kliniki mkachukue rekodi: jina la dawa, kipimo, tarehe, sahihi ya aliyemchoma. Mimi yalinikuta. Daftarini waliandika "sindano ya maumivu" basi. Nilikaa bencheni siku mbili mpaka muuguzi aliporudi zamu akanitolea risiti ya dawa yenyewe.

Triamcinolone ni glucocorticoid, dawa ya kutuliza uvimbe. Tangu 2022 sindano zote za jamii hiyo zimekatazwa wakati wa mashindano, na hii ikichomwa kwenye msuli WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, hushauri kusubiri siku 60. Wiki tatu ni chache mno. "Sikujua" peke yake haimtoi. Aulize ADAK, wakala wa Kenya wa kazi hiyo, kama anaweza kuomba ruhusa ya matibabu, TUE, ya kurudi nyuma, yaani kwa dawa aliyokwisha kuchomwa. Daktari ndiye aeleze kwa nini hakukuwa na dawa nyingine. Bila hiyo kawaida ni kufungiwa miaka 2, au 4 wakithibitisha alikusudia, ila hupungua kosa lake likionekana dogo.

Na asithubutu kutengeneza karatasi za hospitali! Jemima Sumgong, mkimbiaji wetu wa marathoni, alikuwa amefungiwa miaka 4, hati za uongo zikaifanya 8.

Sijaiona barua yake. Ibandike hapa, jina ulifute.