Digrii peke yake haiweki akiba

Wengi wanaamini aliyesoma zaidi ndiye anayeweka akiba zaidi. Elimu huongeza kipato kweli, lakini mazoea ya kuweka hufuata zaidi jinsi pesa inavyomfikia mtu mkononi.

Chukua mhitimu aliyeajiriwa kampuni binafsi pale Posta, mshahara 800,000, naye alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanakata 80,000, kodi ya mapato 60,000, Bodi ya Mikopo asilimia 15, yaani 120,000. Kinachoingia benki ni 540,000, na huko nyumbani ukoo mzima unajua mtoto wao ana kazi. Akipanga kuweka kitakachobaki, hakitabaki kitu. Tarehe 10 ameshaanza kukopa kwenye simu.

Mama lishe wa Kariakoo aliyeishia darasa la saba anashika pesa kila siku. Jioni anatenga kwanza mtaji wa kesho, yaani mchele, mafuta na mkaa, halafu 3,000 ya mchezo, yaani upatu wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, anamkabidhi kijumbe, yule anayekusanya michango. Kwa siku 26 ni 78,000. Huyo mhitimu ili amfikie lazima atenge karibu asilimia 15 ya anachopokea, na wengi hawatengi. Mama lishe anajua kijumbe atapita tu. Mhitimu hana wa kumpitia.

Basi ajiwekee kijumbe wake: aende benki aombe agizo la kudumu, pesa ihamishwe siku ileile mshahara unapoingia. Na hapa ndipo wasomi wengi wanapoteleza: wanachanganya kodi ya nyumba na akiba. Chumba cha 150,000 kinacholipiwa miezi sita kinataka 900,000 kwa mkupuo. Ukiweka vyote akaunti moja, mwezi wa sita mwenye nyumba anafagia kila kitu, nawe unakata tamaa kabisa. Fungua akaunti mbili: ya kodi 150,000 kila mwezi, ya akiba hata 40,000, na hiyo ya pili usichukue kadi yake.

Mchezo nao una mashimo yake. Mtu anapokea zamu ya kwanza, kisha anahama mtaa. Mgeni apewe zamu ya mwisho, bila kuoneana haya. Tena mchezo hauna riba: anayepokea mwisho amewakopesha wenzake bure, huku bei ya mchele ikipanda. Kibubu ni hivyohivyo, na kinavunjwa mtoto akiugua usiku.

Ndiyo maana kisomo kina kazi hapa, hata kikiwa cha kijana wa nyumbani tu. Akae na mama asome daftari la VICOBA, kikundi cha kuweka hisa na kukopeshana. Hisa zake zimeandikwa zote? Funguo tatu za sanduku ziko kwa watu watatu tofauti? Riba ya asilimia 10 ni ya mwezi au ya mkopo mzima? Mkopo wa 200,000 kwa miezi mitatu, riba ikihesabiwa kila mwezi juu ya kiasi chote, ni 60,000 ya riba. Ikiwa ya mara moja, ni 20,000. Aulize kabla mama hajatia dole gumba.