Kijiprogramu cha oda ndani ya kikundi, bila kutegemea kampuni moja

Mkuu, umesema kikundi chenu cha viazi hapo Uyole kinaandika oda za magunia kwenye kijiprogramu cha ndani ya jukwaa la kuchati, na mnataka kitu huria. Angalieni webxdc, mfumo huria wa vijiprogramu vinavyotumwa na kufunguliwa ndani ya kuchati. Inafanya kazi ndani ya Delta Chat, inayopitisha ujumbe kwenye seva za barua pepe, na Cheogram, programu ya kuchati ya XMPP (itifaki huria ya ujumbe).

Kijiprogramu chenyewe ni faili la zip lililopewa jina linaloishia .xdc. Ndani weka index.html, manifest.toml yenye jina la kijiprogramu, na icon.png. Wengi hukwama hapa: wanabana folda nzima, index.html inazama ndani yake, programu haifunguki. Ingia kwenye folda kwanza, ndipo uandike:

zip -9 -r ../oda.xdc .

Nukta ya mwisho usiisahau.

Kijiprogramu kimefungiwa intaneti makusudi, kwa hiyo fonti na maktaba zote za JavaScript ziwe humo humo. Faili la webxdc.js, linalounganisha kijiprogramu na kuchati, usiliweke, huletwa na programu ya kuchati.

Data ipite kwenye sendUpdate, amri ya webxdc inayopeleka ingizo kwa wanakikundi wote. Ya localStorage (hifadhi ya ndani ya kifaa) hubaki kwenye simu yako tu. Na jumla usitume kabisa! Ukituma "magunia 40" huku mwenzako aliyekosa mtandao shambani akituma "35", mmoja atamfuta mwingine. Tuma kila oda peke yake, na namba yake ya utambulisho, halafu kila simu ijijumlishie. Kufuta oda nako ni ingizo jipya linalotaja namba hiyo.

Faili mlilotuma kikundini ndilo daftari lenu. Ukiliambatisha upya, mnaanza daftari tupu.