Shangazi wa Kaunta anajibu: karatasi za marehemu

Haya wapendwa, wiki hii barua karibu zote zimegusa msiba, nadhani ni kwa sababu toleo lililopita nilidokeza kwamba kabla sijastaafu nilikaa miaka 17 kwenye kaunta ya hospitali moja hapahapa Dar, nikishughulikia karatasi za waliofariki na kuongea na ndugu zao. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, mnisamehe, nyingine fupifupi.

*Shikamoo Shangazi. Mi ni binti wa miaka 24, naishi Mbagala Rangi Tatu. Nimesoma diploma ya kumbukumbu za afya nikapata kazi hospitali, nikajua ntakaa na mafaili, kumbe wamenipanga dirisha la vifo, yani watu wakifiwa wanakuja kwangu kuchukua kibali na kuulizia mwili. Nina miezi mitatu. Nikisema pole naona haitoshi, nikikaa kimya naonekana nina roho mbaya, juzi baba mmoja kagonga kioo akanambia we mtoto huna uchungu. Usiku silali. Afu mama anataka nioge maji ya chumvi kabla sijaingia ndani eti naleta mikosi. Niache kazi? – Binti wa Rangi Tatu*

Marahaba mwanangu. Tuanze na chumvi. Oga tu, chumvi haimuui mtu na mama ako analala kwa amani, hiyo vita usiipigane, marehemu mama mkwe wangu alinifanyia hivyohivyo mwaka mzima mpaka akachoka mwenyewe.

Huyo baba wa kioo, hakuwa anaongea na wewe. Alikuwa anaongea na daktari, na Mungu, na dereva wa bajaji aliyechelewa kumfikisha, we ndo uliyekuwa karibu. Ila nina swali moja kwako: kabla hajafika dirishani kwako, nani alikuwa ameshamwambia? Maana mimi ilinichukua muda kuja kugundua kwamba watu wengi wanatumwa dirishani bila kuambiwa chochote. Sista wodini kachoka, zamu imejaa, anamwambia mtu "nenda dirisha namba nne", basi. Siku moja kaja kijana na elfu sabini mkononi, amezihesabu kabisa, anauliza hapa ndo nalipia dawa za mama? Na mimi tayari fomu ya mama yake ipo mbele yangu, imeshasainiwa. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuanza na pole. Nilianza na "Daktari ameshaongea na nyie?" Akisema bado, karatasi unaigeuza chini, unamwambia akae kwenye benchi, unanyanyuka wewe na miguu yako unamtafuta daktari au sista wa zamu aje amwambie pembeni, sio mbele ya foleni. Ukifanya hivyo tu, nusu ya vioo hawatavigonga.

Na akishaambiwa, pole yako moja inatosha. Usiongeze kazi ya Mungu haina makosa, hayo atayasikia msibani mpaka arobaini. Usimuulize ilikuwaje. Na tafadhali usiseme "mwili" wala "maiti yenu", sema mama yenu, mzee wenu, mtoto. Mochwari wana lugha yao ya kazi, sawa, lakini lugha hiyo isitoke nje ya mlango.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana we unadhani umewekwa pale kutoa pole. Pale umewekwa kwa ajili ya jina. Ntakupa kisa. Mama mmoja kaletwa usiku na jirani, jirani anamjua kwa jina la mtaani tu, karani wa mapokezi kaandika alichosikia, asubuhi mama kafariki, faili likaja kwangu, mimi nikanakili kama lilivyo kwenye fomu ya kifo na kwenye kibali cha mazishi. Wakazika. Kuja kufuatilia mafao NSSF, jina la kibali sio la NIDA wala sio la benki, yani jina la kati halipo na la mwisho limeandikwa Saidi wakati kote kwingine ni Said. Herufi moja! Mume wake alipanda daladala kuja kwangu mara sijui ngapi, hati ya kiapo, barua ya serikali ya mtaa, rudi RITA kwa wale wanaosajili vizazi na vifo, rudi hospitali. Mwezi wa nane ndo ikaisha. Hakuwahi kunitukana hata siku moja na hilo ndo lilikuwa linaniuma, maana kosa nililinakili mimi kwa mkono wangu.

Kwa hiyo usiandike kutoka kwenye faili peke yake. Muombe ndugu kitambulisho cha NIDA cha marehemu, kama hakipo basi kadi ya mpiga kura, kadi ya bima, cheti cha ndoa, chochote kile, msome naye herufi kwa herufi kabla daktari hajasaini, umuulize na hili: jina hili ndo lipo benki na kazini kwake? Watakuona unawachelewesha, hasa Waislamu wanaotaka kuwahi kuzika kabla ya alasiri, na wana haki ya kuharakisha, ndo maana we ujue mapema daktari gani yupo zamu na yuko wapi, usianze kumtafuta wakati watu wameshakaa na sanda kwenye gari. Dakika tano za jina hazichelewishi mazishi. Kinachochelewesha ni daktari aliyeenda kunywa chai.

Waeleze pia karatasi ipi ni ipi, maana hapo watu wanachanganya sana. Unayowapa wewe ni taarifa ya kifo na kibali cha mazishi. Cheti cha kifo chenyewe kinatoka RITA, wanaomba kwenye ofisi ya RITA ya wilaya au kwa mtandao wa eRITA, na kile kibali ndo wanachokwenda nacho, kwa hiyo wakitunze, kisiachwe kwa mtu wa makaburini wala kisibaki kwenye mfuko wa kanzu ya mjomba aliyerudi Tanga. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30. Waambie mara mbili, na umwambie yule anayeonekana ametulia kidogo, kila familia ina mmoja, mara nyingi ni shemeji.

Kuna fomu ya daktari ya sababu ya kifo, hii inafuata mtindo wa WHO na ukiielewa utasaidia sana. Ina ngazi. Juu kabisa ni kilichomuua mwishoni, chini yake kilichosababisha hicho, chini zaidi chanzo chenyewe. Mfano juu: maambukizi kwenye damu, chini yake: utumbo uliotoboka, chini kabisa: taifodi. Hiyo taifodi ndo nchi inaihitaji, ndo inawaambia watu wa afya maji ya mtaa gani hayafai. Sasa daktari mwenye usingizi anakuandikia "moyo kusimama" afu anaondoka. Moyo wa nani haujasimama jamani? We sio daktari, usibadilishe hata nukta, ila mrudishie kwa adabu, "dokta naomba unisaidie na chanzo", mi walininunia mwanzoni, baadaye wakawa wakiniona tu wanakaa vizuri kwenye kiti.

Na utakuja kukutana na mke au dada anakunong'oneza, naomba ule ugonjwa usiuandike. Hapo huna mamlaka, alichoandika daktari ndo hicho. Unachoweza ni usikisome kwa sauti, usikiache wazi juu ya kaunta, ukikunje, ukitie kwenye bahasha, ukimkabidhi mwenye haki nacho, sio shangazi wa tatu aliyejipenyeza mbele kuchungulia. Sheria ya Ukimwi ya 2008 inataka siri ya mgonjwa ilindwe, na mtu hageuki tangazo la mtaa kwa sababu amekufa.

Wake wawili nao watakuja, siku moja, saa moja, kila mmoja na watoto wake na hawakuwa wanajuana. Usiamue ndoa ya mtu dirishani. Waite wazee wa pande zote mbili, mpigie afisa ustawi wa jamii, hiyo ni kazi yake anaiweza, we linda karatasi isichanwe.

Kulala sasa. Mi sikulala nilipokuwa naondoka na mambo nusunusu, nikishamaliza jambo la mtu nilikuwa nalala. Kuna familia moja nilikuwa nawakabidhi vitu vya baba yao, nasoma orodha: kikoi kimoja, ndala jozi moja, redio ndogo, shilingi 14,500, chupa ya chai. Mtoto wa kiume akasema sisaini, chupa ina kifuniko chake, kifuniko kiko wapi? Watu kwenye foleni wakaanza kumsonya, yani baba kafa we unadai kifuniko. Nikafunga dirisha nikapanda wodini, nikatafuta chini ya vitanda, nikakikuta dirishani mgonjwa wa jirani anawekea mbegu za chungwa. Nikakisuuza nikashuka nacho. Yule kijana akakichukua akakifunga kwenye chupa, akasaini, akasema asante dada. Siku hiyo nililala fofofo.

Usiache kazi kwa sasa. Mwombe incharji wako akupange kwa zamu, wiki mbili dirishani wiki mbili masijala, hilo ni ombi la kawaida kabisa. Na kunywa chai na wale wa mochwari, usiwakwepe kama wengine, hakuna watu wanaojua kucheka kama wale. Ukifika miezi sita na bado usiku unahesabu mabati, hama kitengo bila aibu, mi nitakuandikia hata barua.

*Shangazi, baba yetu alifariki nyumbani Kimara mwezi wa pili, tukamzika jioni yake, hatukwenda hospitali wala wapi. Sasa tunataka kufungua mirathi mahakamani wanadai cheti cha kifo. Tunafanyaje? – Kaka mkubwa, Kimara*

Poleni sana kaka. Mtu akifia nyumbani taarifa inaanzia serikali ya mtaa, kwa mtendaji, hiyo mmeiruka. Nenda kwake sasa na watu wawili watatu waliokuwepo msibani, hasa jirani na imamu au mchungaji aliyezika, akuandikie barua ya kuthibitisha kifo na mahali alipozikwa. Beba vitambulisho vya marehemu na chako, nenda ofisi ya RITA ya wilaya yenu ya Ubungo. Siku 30 zimeshapita kwa hiyo utahesabiwa umechelewa na kuna malipo ya ziada, usimpe mtu pembeni akakwambia atakuharakishia, omba namba ya malipo ulipe mwenyewe kwa simu. Wakati unasubiri, kaeni kikao cha familia mchague msimamizi, muandike muhtasari wote wasaini, maana mahakama ya mwanzo wataudai huo pamoja na cheti. Na jina la baba, kaka, soma jibu la juu.

*Mambo Shangazi! Binamu yangu yuko Leicester, Uingereza, anafanya kazi hospitali kama hiyo uliyokuwa unafanya we, anasema kule kila kifo kinakaguliwa na daktari mwingine ambaye hakumtibu marehemu na yeye binamu ndo anapiga simu kwa ndugu. Kweli au anatupiga fiksi? – Msomaji wa Sinza*

Poa mwanangu. Kweli kabisa. England na Wales, tangu tarehe 9 Septemba 2024, kifo chochote ambacho hakijaenda kwa yule afisa wa mahakama anayechunguza vifo vyenye utata lazima kipitiwe na daktari mkaguzi asiyehusika na matibabu, ndo kisajiliwe. Kuna maafisa wanaomsaidia, wanasoma faili, wanawapigia ndugu wanawauliza mmeelewa sababu ya kifo? kuna kitu hakikuwaridhisha kwenye matibabu? Hayo hayakuja hivihivi. Walikuwa na daktari wa mtaa anaitwa Harold Shipman, alikuwa anaua wagonjwa wake, wengi bibi vikongwe, afu anawaandikia sababu ya kifo yeye mwenyewe. Mahakama ilimtia hatiani Januari 2000 kwa mauaji ya watu 15, uchunguzi uliofuata ukahesabu kama 215. Karatasi zote zilikuwa na saini, zimenyooka. Fikiria hapo, na kutoka hukumu mpaka sheria kuanza kazi imepita miaka 24.

Lile swali la pili la binamu yako, kuna kitu hakikuwaridhisha, ningependa nilikute kwenye madirisha yetu. Halihitaji sheria wala kompyuta, linahitaji kiti cha pili.

*Shangazi we ulikuwa huogopi? Kweli kweli? – Mdadisi, Gongo la Mboto*

Maiti hapana. Nilikuwa naogopa simu za marehemu. Zinakaa kwenye mfuko wa vitu vyao juu ya meza yangu, afu mojawapo inaanza kuita, kioo kinawaka kimeandikwa "Mama Watoto", na huruhusiwi kupokea.