Jibu: Saa ya seva inapotea kila siku, nimebadilisha betri bado tatizo liko palepale

Mkuu, betri haina kosa. Hiyo CR2032, betri bapa ya duara, inaitunza saa ndogo ya mazabodi mashine ikiwa imezimwa, ile ya kristali inayopiga mara 32,768 kwa sekunde. Linux, mfumo endeshi wa seva, huisoma inapowaka tu, halafu inahesabu muda kwa saa nyingine kabisa. Angalia imechagua ipi:

cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource

Kerneli, yaani kiini cha Linux, huzipa saa alama, na yenye alama nyingi ndiyo hupendelewa. Kwenye mashine za Intel na AMD, TSC (kihesabio kilichomo ndani ya prosesa) ina 300, HPET (saa nyingine ya mazabodi) 250, saa ya ACPI (ya mfumo wa kusimamia umeme) 200. TSC inasomeka kwa makumi ya nanosekunde. HPET iko nje ya prosesa, kuifikia huchukua hata mikrosekunde nzima, yaani nanosekunde 1,000. Ila TSC haiaminiwi hivihivi. Kwenye baadhi ya mashine kerneli huilinganisha na saa nyingine kila nusu sekunde, na zikipishana sana inaiacha na kuhamia inayofuata.

Niliwahi kuitwa kwa mnunuzi wa sangara Kirumba hapa Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Mashine imekuwa nzito, wameshaanza kutafuta hela ya diski mpya. Nikafungua dmesg, kumbukumbu za ujumbe wa kerneli, mstari huu hapa: Marking clocksource 'tsc' as unstable, yaani TSC imeachwa kwa kuwa haiaminiki. Kumbe hifadhidata yao iliwekewa kipimo cha muda kwa kila safu mlalo inayosomwa, hivyo ripoti ya jioni inauliza saa mamilioni ya mara, na kila swali linakwenda hadi HPET. Tuliweka toleo jipya la BIOS, programu ya mazabodi inayoiwasha mashine, TSC ikarudi, ripoti ikatoka upesi. Diski ilikuwa nzima kabisa.

Tafadhali usikimbilie tsc=reliable, mpangilio wa kerneli unaouona mitandaoni. Haurekebishi saa, unamwondoa mlinzi tu, yaani ule ulinganisho wa kila nusu sekunde.

Sasa shida yako ya kupotea. Hata saa bora inategemea kristali, na kristali hubadilika na joto. Chumba cha bati mchana wa hapa Mwanza unakijua. Kristali ikikosea sehemu 50 kwa milioni, ni sekunde 4.3 kwa siku, zaidi ya dakika 2 kwa mwezi. Weka chrony, programu inayosahihisha saa kwa kuuliza seva za muda mtandaoni, na uiwekee driftfile, faili la kutunza kiasi cha kosa la saa. Inajifunza kristali yako inakimbia au inachelewa kiasi gani, kisha inaendelea kusahihisha hata intaneti ikikatika.

Kama unapoteza dakika nzima kwa siku, hiyo si kristali ya kawaida. Tuwekee hapa jibu la amri ya juu pamoja na mistari ya dmesg yenye neno clocksource, na useme kama ni mashine halisi au ya kukodi mtandaoni.