Jibu: Wiki mbili Mastodon, mbona kimya?

Dada, umesema una wiki mbili Mastodon, mtandao wa kijamii wenye seva nyingi zinazowasiliana, na ukurasa wako bado kimya, ukauliza kama umekosea kuchagua seva. Hujakosea. Kule hakuna mtambo unaokuchagulia cha kusoma. Ukurasa wa nyumbani unaonyesha machapisho yanayotokana na unachofuata tu, jipya likiwa juu. Ukifuata watu watano, utasoma ya watano. Kwa hiyo fuata wengi bila aibu, na fuata pia alama za reli: #Kiswahili, #ushairi, chochote unachokipenda. Machapisho yako nayo yatie alama hizo, maana ndizo zinazomfanya mgeni aonekane.

Jambo lililonichelewesha mimi: kubonyeza nyota kunamfurahisha mwandishi, lakini hakulisambazi chapisho. Ukitaka wafuasi wako walione, lisambaze kwa ile mishale inayozunguka.

Seva ni kama barua pepe: mwenye Gmail humwandikia mwenye Yahoo. Ukiichoka, unahama na wafuasi wako. Machapisho ya zamani ndiyo hubaki ulikotoka. Jitambulishe leo kwa #introduction, wenyeji wengi huipitia. Nitumie anwani yako kamili, pamoja na jina la seva, nikufuate.